Tundu Moja, Nyaya Mia

Saa tano na nusu usiku wa Jumamosi, laptopu yangu iliniambia imebakiza saa moja na dakika hamsini. Nilitazama saa ya ukutani, kisha nikarudi kwenye kioo nikidhani macho ya uchovu yamesoma vibaya. Tulikuwa tumerudi kutoka harusini Limuru, matope bado kwenye viatu, na bibi harusi alikuwa ameahidiwa kipande cha dakika tatu kabla ya saa sita mchana Jumapili. Shangazi zake watatu walikuwa wanarudi Doha kazini jioni hiyo, naye alitaka wakitazame wakiwa wamebanana kwenye kochi moja.

Mimi nahariri video. Harusi, mazishi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), mara mojamoja tangazo la duka. Siku hiyo kamera mbili na droni zilikuwa zimejaza gigabaiti 256, zote zikiwa kwenye diski ya nje, ile ndogo inayotoshana na kipande cha sabuni ya gesti. Boksi lake linasema inasoma megabaiti 1,000 kwa sekunde, na kusema kweli huwa inakaribia hapo. Kwa hesabu hiyo mafaili yote yangehamia kwenye laptopu kwa dakika tano hivi, chai haijachemka. Na sasa naambiwa karibu saa mbili.

Nilizima, nikawasha. Nikachomoa diski, nikalipuliza tundu lake, nikachomeka tena. Nikailaumu laptopu, nikailaumu droni, nikamlaumu mpiga picha. Kumbe mwenye makosa alikuwa amejinyoosha mezani mbele yangu, mweupe na laini kama tambi. Waya mfupi mweusi uliokuja na diski ulikuwa umebaki kwenye begi la mpiga picha, naye alishashuka Kangemi na kuzima simu. Nikachukua ule wa kando ya kitanda, wa kuchajia simu, wenye pini ileile ya USB-C, ile bapa ya simu za siku hizi. Uliingia huku, ukaingia kule. Taa ya diski ikawaka, mafaili yakajipanga. Hakuna kilichonionya.

Kipande kilifika saa nane mchana. Shangazi walikitazama kwenye foleni ya uwanja wa ndege, kila mmoja kwa simu yake. Salio la malipo nalo lilichelewa wiki mbili. Sisemi ni kwa sababu ya waya, ila pia sisemi si kwa sababu ya waya.

Jumatatu nikashuka mjini, Luthuli Avenue. Mkazi wa Nairobi akiwa na shida ya umeme mdogomdogo huishia huko. Tangu 2019 barabara ile ni ya upande mmoja na njia za miguu zimepanuliwa, lakini kelele ni zilezile: spika za duka hili zinashindana na za duka lile, televisheni zinapita hewani juu ya vichwa vya wabebaji, na kila hatua mbili kijana anakuuliza unatafuta nini madam. Fundi wangu yuko ghorofa ya pili, kwenye kaduka kenye upana wa meza moja. Meza yenyewe imejaa simu zilizofunguliwa matumbo, mswaki wa zamani, chupa ya spiriti na darubini ndogo ya kuangalizia bodi.

"Nataka waya wa USB-C," nikamwambia. "Taipu-C kwa taipu-C."

"Hilo ni jina la pini, dada," akasema bila kuinua kichwa. "Nakuuliza waya wa nini."

Nikamweleza habari ya usiku ule. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Aliinama, akatoa chini ya meza waya mmoja uliokufa, aina ileile ya kwangu, akaupasua kwa wembe kama mtu anayechuna muhogo. Ndani mlikuwa na nyuzi tano. Mmoja mwekundu na mmoja mweusi, minene kidogo, ya kupitishia umeme. Mmoja mweupe na mmoja wa kijani, myembamba, iliyosokotwa pamoja, ya kupitishia data. Na mmoja wa bluu, mwembamba kuliko yote, ambao nitaurudia baadaye kwa sababu ndio uliokuja kunipa kazi zaidi.

"Basi," akasema. "Hapo ndipo data yako yote ilikuwa inapita. Kwa hizo mbili."

Pini ya USB-C ina sehemu 24 za kugusana, kumi na mbili kila upande, na ndiyo sababu ukiigeuza bado inaingia. Ila hakuna anayemlazimisha mtengenezaji wa waya kuunganisha zote 24. Waya wa kuchajia simu huunganishwa zile chache tu zinazohitajika, na data yake hupita kwa njia ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, maana baiti moja ni biti nane, upate megabaiti 60, toa zinazopotelea kwenye salamu na maelekezo ya vifaa vyenyewe, unabaki na thelathini na kitu, arobaini ukiwa na bahati. Hiyo ndiyo saa moja na dakika hamsini yangu. Njia ya USB 2.0 ilitoka Aprili 2000. Diski ya kisasa na laptopu ya kisasa zilikuwa zinaongea kwa uchochoro wa miaka ya flashi za megabaiti 64.

Waya wa kazi nzito una jozi nne zaidi za nyuzi, kila jozi imefunikwa kivyake kwa karatasi ya chuma ili isisikie kelele za jirani. Ndiyo maana ni mnene, mgumu kukunja, na mfupi. Huo ufupi nilikuwa nauona uchoyo wa watengenezaji. Fundi akanirekebisha: mawimbi yanayokwenda kasi hivyo huchoka haraka ndani ya shaba, na waya wa gigabiti 40 kwa sekunde usio na chipu za kuusaidia hauvuki sana sentimita 80. Ule mrefu wa mita mbili unaokuwezesha kulala upande wowote wa kitanda huku simu ikichaji, mara nyingi hauna hata hizo jozi za kasi. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Akanionyesha nyaya mbili, moja ya shilingi 150, moja ya 2,500. Zilikaa kando kwa kando mezani na vichwa vyao vilikuwa pacha. Nikauliza kama tunaweza kupasua na ile ya 2,500 tuone tofauti. Akaniangalia kwa muda mrefu, akairudisha kwenye boksi.

Nikishuka ngazi nilikuwa nakumbuka droo ya nyumbani kwetu Malindi. Kila nyumba ilikuwa nayo: droo ya chaja ambazo hakuna ajuaye ni za nini, na ambazo ni haramu kutupa. Nokia pini kubwa, Nokia pini ndogo, ile bapa ya Samsung, ile ya Motorola. Mgeni akija na simu imezimika, swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Yako ni pini gani?" Kinyozi wa jirani aliyekuwa akichajisha simu kwa shilingi ishirini alikuwa ametundika ukutani ubao wenye chaja za kila aina, na biashara yake yote ilisimama juu ya mkanganyiko huo. Ukija na simu ambayo pini yake hana, alikutolea betri akaibana kwenye kile kidude cha plastiki chenye vyuma viwili na vitaa vya nyekundu na kijani.

Kompyuta nazo zilikuwa na vurugu yao. Nyuma ya ile kubwa ya sayba tuliyokuwa tukienda baada ya shule kulikuwa na tundu duara la zambarau la kibodi, duara la kijani la mausi, na tundu pana la printa lenye skrubu mbili pembeni. Mwenye sayba hakuruhusu mtu kugusa huko nyuma. USB ilitoka Januari 1996 ikakusudia kuyafuta yote hayo. Waliokaa mezani kuiandika walikuwa kampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Kwa upande wa Intel jina linalotajwa zaidi ni Ajay Bhatt, mhandisi aliyezaliwa India. Mwendo wa mwanzo ulikuwa megabiti 12 kwa sekunde, na 1.5 kwa vitu vya polepole kama mausi. Bhatt amewahi kueleza kwa nini hawakuifanya ile pini ya zamani iingie pande zote mbili: ingehitaji nyuzi na saketi zaidi, na bei ingepanda, nao walitaka kila mtengenezaji akubali kuiweka. Nikifikiria kompyuta za wakati ule zilivyokuwa ghali, siwezi kumlaumu.

Palipoharibika, kwa maoni yangu, si kwenye uhandisi bali kwenye majina. Mwaka 2008 ilitoka USB 3.0, gigabiti 5 kwa sekunde. Vizuri. Mwaka 2013 ikaja 3.1 yenye gigabiti 10, na ile ya zamani ikabatizwa upya ikawa 3.1 Gen 1. Mwaka 2017 ikaja 3.2 yenye gigabiti 20, na ileile ya 2008 ikapewa jina la tatu, 3.2 Gen 1. Ni kama matatu ya 111 ibadilishwe namba kila baada ya miaka minne na bado iwe inakwenda Ngong. Mwenye duka anakuandikia "USB 3.2" kwenye boksi wala hasemi uongo, ila anachokuuzia kinaweza kuwa mwendo wa 2008.

Pembeni Intel na Apple walikuwa na njia yao, Thunderbolt, iliyofika sokoni 2011 na kuhamia kwenye tundu la USB-C mwaka 2015 ikiwa na gigabiti 40. Baadaye Intel wakaukabidhi utaratibu huo kwa watu wa USB, nao wakajenga juu yake USB4 iliyotoka 2019. Toleo lake la pili, la 2022, linafika gigabiti 80. Tangu mwaka huohuo wenye USB wamewashauri watengenezaji waache zile namba za ajabu na waandike mwendo wenyewe: 5, 10, 20, 40. Walichelewa miaka kumi na minne, lakini wamefika. Siku hizi nikinunua waya sisomi jina, nasoma namba, na nikikosa namba naurudisha.

Nilidhani sasa nimejua yote. Kisha mama akapiga simu.

Nilikuwa nimemtumia kwa basi la usiku kichwa kipya cha chaja chenye tundu la USB-C, pamoja na waya wake, ili aachane na kile cha zamani kilichokuwa kinatoa cheche. Simu yake ilichaji vizuri. Tatizo ni taa. Ana taa ya kuchaji ya stima ikipotea, kitu cha bei rahisi alichonunua sokoni, na tundu lake ni USB-C kabisa.

"Mwanangu, hii chaja yako imeikataa taa yangu."

"Umechomeka vizuri, mama?"

"Nimechomeka, nimegeuza, nimechomeka. Simu inakubali, taa haikubali. Kwani tundu si lilelile?"

Tundu ni lilelile. Nilimwambia ajaribu na ile chaja ya zamani, yenye waya wa pini pana upande mmoja. Taa ikachaji papo hapo. Mama akahitimisha kwamba vitu vya zamani ndivyo vitu, na mimi sikuwa na jibu hadi niliporudi kwa fundi na kukumbushwa ule uzi wa bluu.

Chaja ya zamani, yenye tundu pana la USB-A, ni nyumba iliyoachwa mlango wazi. Volti 5 ziko pale mlangoni mchana na usiku, iwe kuna mgeni au hakuna. Chaja ya USB-C haifanyi hivyo. Inakaa kimya, mlango umefungwa, volti sifuri, mpaka isikie hodi. Hodi yenyewe hupigwa kupitia ule uzi mwembamba: kwenye kifaa kinachotaka kuchaji panatakiwa kuwa na rezista mbili ndogo, vidude vya kuzuia mkondo wa umeme, za ohmu 5,100, moja kwa kila upande wa pini. Chaja ikiihisi mojawapo inajua kuna mtu nje, inafungua. Rezista hizo ni ndogo kuliko punje ya mchele, na bei yake haifiki hata shilingi ukizinunua kwa wingi. Aliyetengeneza taa ya mama aliona aziache. Aliweka tundu jipya juu ya bodi ya zamani, akasahau kuifundisha kubisha hodi. Kwenye chaja yenye mlango wazi inajiingilia tu na kula. Kwenye chaja ya kisasa inasimama nje hadi asubuhi.

Na si vitu vya sokoni peke yake. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilipotoka Juni 2019, waliotengeneza bodi walitumia rezista moja kwa pande zote mbili badala ya mbili. Matokeo yake chaja zilizotumia waya wenye chipu ndani ziliidhani ni adapta ya sauti, zikakataa kuipa umeme. Walikiri, wakarekebisha kwenye bodi zilizofuata.

Nilimuuliza fundi kama anaweza kuzitia hizo rezista kwenye taa ya mama. Akasema inawezekana, ila nauli ya taa kutoka Malindi na kurudi itaizidi bei ya taa. Basi nikamnunulia mama kichwa kingine chenye matundu ya aina zote mbili, nikamtumia.

Baada ya hodi huja mazungumzo, na hapa napenda kuyasikia kama ya hoteli za mjini, zile ambapo mhudumu hukusomea menyu kwa pumzi moja kabla hujakaa. Chaja inataja ilicho nacho: volti 5 ipo, 9 ipo, 15 ipo, 20 ipo. Kifaa kinachagua. Simu inaweza kusema nipe 9. Laptopu inataka 20. Ikichagua kitu kisichokuwepo inakataliwa. Yote huisha kabla hujaondoa mkono kwenye soketi.

Sababu ya kupandisha volti ni ya shule ya upili. Nguvu ni volti mara ampea. Wati 100 kwa volti 5 zingetaka ampea 20, na waya wako mwembamba ungegeuka jiko. Kwa volti 20 unahitaji ampea 5 tu. Ndiyo maana waya uleule wa unene wa penseli unaweza kulisha simu na laptopu. Tangu 2021 utaratibu umeruhusu hadi volti 48, yaani wati 240, ambazo zinatosha hata zile laptopu za michezo zinazonguruma kama kinu.

Lakini yupo wa tatu kwenye mazungumzo hayo, na watu wengi hawamjui. Ni waya wenyewe. Waya wa kubeba zaidi ya ampea 3 lazima uwe na chipu ndogo ndani ya pini, na chaja huiuliza chipu hiyo kwanza: wewe unabeba ngapi? Ni kama mwenye mzigo River Road anavyomuuliza wa mkokoteni kabla ya kupakia. Waya usiojibu huhesabiwa kuwa wa ampea 3, na kwa volti 20 hiyo ni wati 60, hakuna zaidi. Nilikuwa na kichwa cha wati 100 nilichokinunua kwa kujinyima, na miezi mitatu mizima laptopu yangu ilikuwa inaniandikia kwamba chaja ni dhaifu kila nikianza kutoa video. Chaja ilikuwa na afya kamili. Mkokoteni ndio uliokuwa mdogo.

Na waya mbovu ni hatari kuliko waya mdogo. Mwishoni mwa 2015 mhandisi wa Google aitwaye Benson Leung alianza kununua nyaya za USB-C mtandaoni na kuzipima moja moja, akitangaza hadharani zisizofuata utaratibu. Mwanzoni mwa 2016 akachomeka mmoja ambao ndani yake uzi wa umeme na uzi wa ardhi, ule wa kurudishia umeme, zilikuwa zimebadilishana nafasi. Laptopu yake ya Chromebook Pixel ikaharibika. Mtu aliyeujua utaratibu huo kwa undani, na bado waya haukumwonyesha chochote kwa nje.

Hapo ndipo ninapogombana na hii hadithi tunayoambiwa, kwamba USB-C ni chaja moja kwa wote. Pini ya zamani ilikuwa inakusumbua, lakini ilikuwa mkweli. Isipoingia, haiingii, unaenda kutafuta nyingine. USB-C imeondoa ile "haiingii" ikatuachia "inaingia, lakini". Inaingia lakini polepole. Inaingia lakini haitoi picha kwenye televisheni. Inaingia lakini haichaji. Kasoro imehama kutoka nje ya pini, ambako mama angeiona kwa macho, ikaingia ndani ya plastiki ambako hata mimi ninayeishi kwa kazi hii siioni.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni simu ya watu wenye pesa. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu, tableti, kamera na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa kwao viwe na tundu la USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na laptopu zikapewa hadi tarehe 28 Aprili 2026. Apple, waliokuwa na pini yao ya Lightning tangu 2012, walibadilisha na iPhone 15 Septemba 2023. Sisi hatumo katika Umoja huo, lakini kiwanda hakitengenezi tundu la Ulaya na tundu la Kenya, kwa hivyo sheria ya Brussels imetufikia hadi Luthuli bila viza. Sasa tazama: iPhone 15 ya kawaida ina tundu jipya, la sura ileile na ya Pro, na mwendo wake wa data kwa waya ni megabiti 480. Mwendo wa Aprili 2000. Ya Pro ni gigabiti 10. Sheria ilisema tundu lifanane na chaja zielewane. Kuhusu mwendo wa data haikusema kitu, na aliyeachiwa nafasi ya kubana aliibana.

Pamoja na hayo yote sitaki kurudi kwenye droo. Wiki iliyopita stima ilipotea mtaani kwetu Umoja saa kumi jioni, na kwa pawabenki moja nililisha laptopu, simu, taa ya kamera na vipokea sauti, kimoja baada ya kingine. Zamani ningehitaji chaja nne na jenereta ya jirani.

Nilichofanya ni kuzivika nyaya zangu alama. Nilinunua rangi za kucha mbili. Waya wa data ya kasi nimeupaka doa jekundu kwenye pini zote mbili. Wa kubeba wati nyingi, doa la kijani. Mmoja una madoa yote mawili, na huo haukopeshwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Usio na doa ni wa simu. Mpiga picha alicheka alipoziona, akasema waya zangu zimeenda saluni. Siku mbili baadaye aliniuliza rangi ile nilinunua wapi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Kitengela, harusi nyingine, hema nyeupe na upepo wa kung'oa vigingi. Kabla maharusi hawajaingia, msaidizi wa DJ alitokeza nyuma ya spika akiwa ameinua mkono.

"Nani ana taipu-C?"

Mikono mitano iliinuka, kila mmoja na waya. Mimi nilikuwa karibu zaidi.

"Ya nini?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anataka maji ya nini. "Si ya kuchaji maikrofoni, madam. Imebaki asilimia kumi na mchungaji ameshafika."

Nikampa ule mweupe.